Upande Wenye Vitambaa

Mjini, 4 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama pia mfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima, hofu yangu iko kwenu, na safari hii si ile hofu ya desturi ya barua.

Uliniagiza mabaki ya vitambaa vyekundu, "vyovyote, virefu kama mkono, vingi kadiri utakavyopata." Nimekutumia gunia zima kwa lori la Dereva. Ni mabaki ya sare za shule. Hapa kiwandani tangu mwezi wa tatu ni sare tu, mpaka ndoto zangu zimekuwa nyekundu. Lakini dada, tangu lini wewe unashona? Wewe ambaye hata kifungo ulikuwa unamsubiri Mama! Gunia zima la vitambaa ni la nini?

Usinione mbea. Huku mjini alama nyekundu haina heri. Mwezi uliopita walipita watu wawili na kopo la rangi, wakachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wa kila kibanda cha mtaa wetu, kuanzia kwa muuza vipuri hadi kwa kinyozi. Wiki ya tatu tingatinga likaingia kubomoa, likamkuta kinyozi na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Kiwanda chetu kiko safu ya pili, bado hatujapakwa. Kila asubuhi naangalia ukuta kabla sijaangalia mlango.

Sasa Dereva kanidokeza kwamba kuna watu wanazunguka na kamba na fremu za mbao kwenye shamba la Baba. Kina nani hao? Na ile karatasi ya shamba, yenye dole gumba la Baba, iliyoandikwa kwamba kutoka kwenye kichuguu kwenda juu ni kwako na kutoka kwenye kichuguu kwenda bondeni ni kwangu, iko wapi? Si kwamba sikuamini. Niambie tu iko wapi.

Simu ya Baba mdogo ndiyo simu pekee hapo nyumbani, na unajua ina masikio kuliko mwenyewe. Ndiyo maana naandika, na bahasha nimeishona kama kawaida yangu kwa uzi mwekundu. Mishono ishirini. Ikifika, hesabu.

Mdogo wako,
Fundi


Nyumbani, 21 Juni

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba. Gunia limefika. Barua nayo imefika, ila sijui imenifikia mimi nikiwa wa kwanza au wa tatu. Nimehesabu mishono mara mbili, Mama akapapasa mara ya tatu. Ni kumi na saba. Tena imekwenda upogo, mmoja umepanda, mwingine umeshuka, miwili imekanyagana. Wewe hujawahi kushona hivyo hata ulipokuwa unajifunzia kwenye magunia ya nyumbani. Mtu kaifungua barua yangu, kaisoma, kaishona tena haraka haraka.

Basi habari za vitambaa sitaziandika humu. Ukiuliza vinakwenda wapi, vinakwenda shambani. Anayesoma barua hii kabla yako naye imtoshe hiyo.

Wenye kamba ni watu wa bwana shamba, ambaye ni mwanamke lakini kazi yake haijapata jina jingine. Wanapima maji yanakokimbilia mvua ikinyesha. Hawajala kitu chako.

Na wewe nikuulize. Baba ametutoka miaka tisa sasa. Miaka tisa hujaiuliza hiyo karatasi, leo "niambie tu". Nani kakutuma? Una mnunuzi? Una mke huko ambaye hatumjui, anayetaka kujua ameolewa na ekari ngapi? Karatasi iko salama. Salama maana yake ni mahali ambapo sikuambii.

Mama mzima. Tangu asubuhi amekaa na gunia lako, anapitisha vitambaa mikononi kimoja kimoja kama anayechambua mchele. Nikimuuliza anatafuta nini, anasema anakusalimia.

Dada yako,
Mama Mapacha


Mjini, 6 Julai

Dada,

Shikamoo. Mishono yangu ilikuwa ishirini na ilikuwa imenyooka kama rula. Kama imefika kumi na saba, aliyeipunguza ni aliyeibeba. Mtu anayejua nani kalima nini na nani kapita na kamba, atashindwaje kujua kilichomo kwenye bahasha? Dereva yule si wa kuaminiwa. Mwulize usoni.

Na wewe usinigeuzie kibao. Nimeuliza vitambaa, umenijibu mke. Mtu mwenye jibu safi hajibu hivyo.

Wanapima maji! Maji gani, dada? Shamba lile ni kipara. Jembe likipiga pale linaruka na kukurudia usoni. Umesahau wale wa mradi wa kwanza, waliokuja na miche mia sita, tukapiga nao picha, miche ikafa yote kabla picha hazijasafishwa? Kikabaki kibao chao, mbuzi wa Baba mdogo wanajikunia mgongo mpaka leo. Nilicheka wakati ule na nitacheka tena, lakini kicheko hakirudishi shamba likishaondoka.

Gunia la pili ni hili. Wewe ni mkubwa wangu na kukunyima siwezi. Ila nataka ujue kwamba nalituma shingo upande.

Fundi


Nyumbani, 12 Agosti

Mwanangu Fundi,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imetumbukia kwenye birika la mbuzi. Sasa inawaka taa tu, haisemi.

Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Kuna mambo nimeyaona nikayameza, nikayaona tena nikayameza, sasa tumbo limejaa. Dada yako kamvamia Dereva pale kwenye mashine ya kusagia, mbele ya watu na unga wao, akamwita mwizi wa barua. Dereva kaapa hatabeba tena hata salamu yake. Kwa hiyo usipopata barua kutoka kwake, ujue sababu. Zangu anabeba, mimi sina ugomvi na mtu.

Sasa la shamba. Limejaa vitambaa vyekundu. Kila penye kisiki, kitambaa, mpaka bondeni. Nimezunguka kwa miguu yangu hii mibovu nikathibitisha: vyote viko upande wako. Kuanzia kwenye kichuguu kwenda juu, kwake, hakuna hata kimoja. Mimi sisemi kitu. Nasema nilichokiona. Yule mwanamke wa kamba anakuja kila wiki, wanatembea wawili, wananyoosha vidole, wanaandika daftarini. Upande wako wameuzungushia miiba, na mbuzi wangu wanne walioingia kutafuta majani makavu walikamatwa kama majambazi.

Labda ni kheri. Labda alikwambia, nami ndiye niliyeachwa nyuma. Lakini kama hujui, basi mimi ni mikono yako huku. Sema neno.

Baba yako mdogo


Mjini, 19 Agosti

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako imenifika, na tangu nimeisikia sijala vizuri.

Sikuambiwa kitu. Nimeuliza mara mbili, mara zote nikajibiwa kwa mafumbo. Sasa nimeelewa kwa nini mafumbo. Upande wangu tu! Alama nyekundu, upande wangu tu! Na vitambaa nimempa mimi mwenyewe, magunia mawili, nikamfungia na kamba. Dada aliyenibeba mgongoni, baba, ananipima shamba kwa vitambaa vyangu.

Huku wakishakuwekea alama, hata ulie, umechelewa. Basi tufanye kabla mnunuzi hajaja. Toa vitambaa vyote kuanzia kwenye kichuguu mpaka bondeni. Usiache hata kimoja. Usivichane, vifungue taratibu uvitie kwenye gunia, nitavitaka kama ushahidi nikija. Akikuuliza, mwonyeshe barua hii. Mwenye upande ndiye aliyesema.

Mwanao,
Fundi


Nyumbani, 22 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii nampa muuguzi wa zahanati, anakwenda mjini likizo. Anapitia kwao kwanza, sijui atakaa siku ngapi, lakini mkono wake nauamini. Kwa hiyo sasa naweza kusema.

Unajua vile visiki upande wako, vilivyobaki tangu Baba alipowaruhusu wachoma mkaa? Sote tulidhani vimekufa. Havijafa. Kila mwaka vinachipua, vinatoa fito ishirini zinazogombana, mbuzi wanazila, sisi tunazifyeka tukisema tunasafisha shamba. Miaka yote hiyo tulikuwa tunauua msitu kwa bidii. Bwana shamba alituonyesha: chagua machipukizi matatu yaliyonyooka, mengine yakate, yale matatu yafunge kitambaa ili kila mtu ayaone. Hununui mche, humwagilii. Mzizi uko chini tayari, una umri kuliko mimi.

Kitambaa ndicho kila kitu. Tulikaa kikao kijiji kizima tukakubaliana: kisiki chenye kitambaa kina mwenyewe, hakiguswi na shoka wala meno ya mbuzi. Kisicho na kitambaa ni cha yeyote.

Mwaka jana nilianza na visiki kumi na vinne tu, bila kukwambia, maana ungecheka. Nilichana gauni langu jekundu la harusi. Marehemu mume wangu anisamehe, lilikuwa halinitoshi tangu mapacha. Fundi, njoo uone! Matawi niliyopogoa yamenipa kuni miezi minne, mapacha hawapandi tena kule mlimani, wanafika shule kengele haijalia. Chini ya vivuli vile majani yameota, nakata, ng'ombe anakula, na nina maziwa ya chai na ya kumpa jirani. Vile vibirika vya nusu duara tulivyochimba ardhini, wanavyovipima kwa kamba, vilishika mvua ya mwisho siku tatu. Siku tatu maji yamekaa pale ambapo jembe lilikuwa linaruka! Nilipanda maharage nikavuna kapu. Ni kapu moja, lakini ni kutoka kwenye kipara.

Sasa kwa magunia yako visiki vimefika sitini na vitatu, vile vya kwanza vikiwemo. Vyote viko upande wako, maana ndio uliokuwa mbaya zaidi. Upande wangu utasubiri.

Sasa cheka.

Dada yako


Mjini, 17 Septemba

Baba mdogo,

Kama hujaanza, usianze. Kama umeanza, rudisha. Vitambaa si vya kuuzia. Nakuomba kwa jina la Baba, usitoe hata kimoja. Miiba usiiguse. Naandika nikiwa nimesimama kwenye stendi ya malori, Dereva ananisubiri.

Fundi


Nyumbani, 1 Oktoba

Fundi,

Barua yako ya kumzuia Baba mdogo imefika. Amenionyesha. Amenionyesha zote mbili, hii na ile ya kwanza, amezihifadhi vizuri kuliko cheti cha ndoa.

Vitambaa vilitoka tarehe ishirini na tisa Agosti. Nilikuwa nimempeleka Mama zahanati. Niliporudi nilikuta gunia limeegeshwa mlangoni kwangu, vitambaa vimekunjwa vizuri kama nguo za mgeni, na mbuzi wote, si wanne, wote, wako kwenye visiki. Miiba ilikuwa imesogezwa pembeni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Nilikwenda kwa kamati. Baba mdogo akaja na barua yako, akasema kwa upole: visiki havina kitambaa, na mwenye upande ndiye aliyeamuru. Kamati wakaniangalia. Ni kweli, havikuwa na kitambaa, na ni kweli, uliamuru.

Machipukizi yote yameliwa mpaka kwenye gogo, hata ya vile visiki kumi na vinne vya mwaka jana yamebanduliwa maganda. Majani yamekwisha. Ng'ombe nimempeleka kwa shangazi, huku hana cha kula. Mapacha wamerudi mlimani kutafuta kuni, na jana wamechelewa shule.

Nimekasirika, Fundi. Nimekasirika kiasi kwamba barua hii nimeianza mara tatu. Umemwamini mwenye mbuzi juu ya habari za majani!

Lakini kuna jambo jingine. Ile barua ya kuamuru, Baba mdogo aliipokea mkononi mwa Dereva pale kwenye mashine, mbele ya watu, imeshonwa, akaifungua hapo hapo kwa meno. Uzi alikuwa nao bado. Nimeutazama huo mshono ulivyotoboa bahasha. Umepanda, umeshuka, umekanyagana. Ni ule ule. Hakuna aliyeshona upya barua yoyote. Nimemwomba Dereva radhi mbele ya watu wale wale, na unga wao ule ule, uso wangu umeshuka mpaka chini. Kama barua yangu ya tarehe ishirini na mbili ingepanda lori lake badala ya kumzunguka muuguzi na kwao, ingekufika kabla.

Ulisema mishono imenyooka kama rula. Ulijua kwamba si kweli. Kwa nini ulimwacha mtu aitwe mwizi? Una nini, Fundi?

Dada yako


Mjini, 13 Oktoba

Dada,

Shikamoo, ingawa sistahili kuitikiwa.

Sioni. Si giza kabisa, naona watu, naona magari, naona ukuta. Lakini tundu la sindano nimeliona mara ya mwisho mwaka juzi. Kuna ukungu umekaa kwenye macho yote mawili. Daktari wa macho kanipanga kwenye orodha, na orodha ni ndefu. Mwezi wa tatu nilishona suruali ya sare mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Msimamizi hakunifukuza, ana moyo, akanipa ufagio. Ungejiuliza, dada: fundi anapata wapi magunia mazima ya mabaki? Anayeyapata ni anayefagia.

Barua zako ananisomea kinyozi, maana siku hizi hana kibanda, ana muda. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anajua siri zetu zote ni huyo, na nilimwalika mwenyewe. Kuandika naandika kwa mazoea ya mkono. Ukiona mstari umepanda juu ya mwenzake, usimshuku mtu.

Ulipohesabu mishono kumi na saba nilijua ni yangu. Nilishona ishirini kwa kuhisi, kumbe mitatu haikushika. Ilikuwa rahisi kusema Dereva mwizi kuliko kusema mimi sioni. Neno moja tu, na limekula shamba.

Karatasi sikuitafutia mnunuzi. Nilitaka kujua kama bado nina mahali. Mtu akishapokonywa sindano anaanza kuhesabu kilichobaki, nami nilikuta kimebaki kile kipara. Niliposikia kamba, nikaona na hicho kinaondoka. Ndiyo maana nilikimbilia kukiokoa, na nimekiokoa kama nilivyoishona ile suruali.

Jana wamekuja kiwandani wale wa kopo la rangi. Sikuhitaji macho mazuri, msalaba ni mkubwa kama mlango.

Sijui nikuombe nini. Nisamehe.

Fundi


Nyumbani, 16 Novemba

Mdogo wangu Fundi,

Marahaba. Nimeandika kwa herufi kubwa, ujaribu mwenyewe kabla ya kumpa kinyozi. Msalimie, mwambie amesikia mengi, sasa apumzike.

Barua yako nilimsomea Mama. Nilitegemea atalia. Akasema, "Amekwambia sasa? Mimi nimejua siku nyingi." Mwaka jana ulipokuja likizo uliwapa mapacha sindano wakutungie uzi, ukasema unawafundisha. Mama alikuwa amekaa pale mlangoni. Siku uliyoondoka ndiyo aliyoniambia nianze na visiki vya upande wako, nikuandalie, kwa sababu kuna siku utarudi bila kusema sababu. Akaniapisha nisikwambie, usije ukaona haya. Na gunia lako lilipofika akavipapasa vitambaa vyote kutafuta penye mkato wako ulionyooka. Hakupata hata kimoja.

Basi nami nilikudanganya. Upande wako haukuwa mbaya kuliko wangu. Vipara ni vya baba mmoja. Na ningesema hilo moja tu, kwamba nakuandalia wewe, vitambaa vingekuwa mahali pake hadi leo. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, nami nina fungu langu.

Baba mdogo anasema yeye alitii tu barua ya mwenye shamba. Kweli alitii. Mbuzi wake nao walitii. Nimemwamkia kama kawaida, lakini miiba nimeiongeza.

Sasa sikiliza. Mvua imenyesha mara mbili. Nilikaa siku tisa bila kwenda kule, sikutaka kuona. Juzi nimekwenda. Visiki hamsini na kimoja vimechipua tena. Kumi na viwili sijui, bado navipa muda. Hivi vilivyochipua ni vidogo, ni vya kuanza upya. Mwaka tumeupoteza, maziwa tumeyapoteza, lakini mizizi haikusoma barua zetu.

Gunia lililorudishwa halitoshi, panya wamelifikia. Tutahitaji vingine. Safari hii usimpe Dereva gunia, panda lori pamoja nalo. Ameshasema atakupakia mbele. Orodha ya daktari itakusubiri, siku yako ikifika utarudi mjini kuiitikia. Mama anasema mti ni mkubwa kuliko tundu la sindano, utauona. Na kupogoa ni kama kukata kitambaa: unaacha unachokitaka. Kufunga nitafunga mimi, wewe utachagua, kwa mkono, chipukizi lipi limenyooka.

Karatasi ya shamba iko salama. Ukija utakula, utalala chumba cha mbele, na bado sikuambii iko wapi.

Bahasha hii nimeishona mwenyewe, mimi nisiyejua hata kifungo. Ni mishono minne. Usimpe mtu akuhesabie. Hesabu kwa kidole.

Dada yako,
Mama Mapacha